Mama alibanwa kifua siku ya msiba, mishipa ikakutwa safi: aliugua moyo au ni kihoro?

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61, tunaishi Tanga. Wiki tatu zilizopita tulifiwa na mjomba, kaka yake wa pekee, kwa ajali ya pikipiki. Mama alipigiwa simu akiwa jikoni. Alikaa chini, akalia kidogo, kisha akanyamaza. Baada ya kama saa moja akashika kifua, akasema anabanwa, jasho jembamba likamtoka, akawa anahema kama aliyekimbia. Majirani walimpepea na kumpa maji ya sukari wakisema ni presha ya msiba. Alipozimia ndipo tukampeleka hospitali. Walimpima ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, wakasema ni shambulio la moyo, wakampa vidonge vya kutafuna na sindano ya tumboni ya kuzuia damu kuganda, na usiku uleule wakampa rufaa ya Dar es Salaam. Kule walipitisha mrija mkononi kuangalia mishipa ya moyo, wakasema mishipa ni safi ila moyo umevimba kwa mshtuko na utarudi wenyewe. Siku ya sita akaruhusiwa. Sasa nyumbani kuna maneno. Kaka yangu anasema madaktari wa kwanza walikosea wakampa mama dawa za ugonjwa asiokuwa nao. Shangazi anasema kama hospitali haikuona kitu basi ni jini. Mama mwenyewe ameacha dawa kwa sababu 'mishipa ni safi'. Je, aliugua moyo kweli? Litarudi? Tumfiche habari mbaya kuanzia sasa? Bibi mzaa mama yu hoi kitandani, na arobaini ya mjomba imeangukia siku ileile aliyopangiwa kurudi kliniki."

Marahaba, binti yangu, na poleni sana. Kufiwa ni kazi, na kufiwa huku unauguza ni kazi juu ya kazi.

Mimi ni daktari wa dharura. Sehemu yangu ni saa chache za mwanzo: mgonjwa anaingia kwa machela, ndugu wanne wanaongea kwa pamoja, na ninatakiwa niamue upesi. Miezi inayofuata ni ya bingwa wa moyo anayemwona mama, na nikifika mpaka wa kazi yangu nitakwambia.

Umeuliza mengi, ila chini yake nasikia swali moja: mtu anauguaje moyo ilhali mishipa ni safi? Kaka kalijibu kwa kusema madaktari walikosea, shangazi kwa kusema ni jini, mama kwa kusema kumbe haumwi. Wote watatu wameanzia mahali pamoja, kwamba mishipa ikiwa safi basi moyo ni mzima. Hapo ndipo walipopotea, na si kosa lao. Mishipa inayoonekana kwenye picha ile ni mabomba yanayopeleka damu kwenye msuli wa moyo. Katika shambulio la moyo la kawaida bomba huziba, na msuli unaolitegemea huanza kufa. Kwa mama bomba halikuziba. Msuli wenyewe ulipigwa ganzi. Kwa hiyo ndiyo, aliugua moyo kweli kabisa, na siku ile angeweza kufa.

Kiswahili chetu nacho kinachangia mkanganyiko. Shambulio la kawaida, lile la bomba kuziba, watu wengi wanaliita "mshtuko wa moyo". Kisha daktari anakuja na kusema moyo wa mama umevimba kwa mshtuko, na kila mtu chumbani anaelewa lake. Humu nitasema shambulio la moyo nikimaanisha mshipa ulioziba, na ugonjwa wa mama nitauita kwa jina lake.

Jina hilo lina hadithi. Mwaka 1990 Dk. Hikaru Sato na wenzake wa Hiroshima, Japani, walieleza wagonjwa waliokuja na kila dalili ya shambulio la moyo bila mshipa ulioziba. Walipotazama picha ya chumba cha chini cha kushoto, kile kinachosukuma damu kwenda mwili mzima, waliona ncha yake imetuna kama puto huku shingo imebana. Ikawakumbusha mtungi wa kunasia pweza, uitwao kwao takotsubo. Watu wa Tanga pweza mnamjua, ila huku kwetu huchokolewa mwambani maji yakipwa. Kule hutegewa mtungi, akaingia mwenyewe akidhani amepata pango. Jina limebaki hivyo duniani kote: takotsubo. Umbo lile ndilo madaktari wa mama walilokuwa wakilisema waliposema moyo umevimba.

Wazee wetu walikuwa na neno lao, kihoro. Fulani kazikwa, na kabla ya wiki kwisha mkewe naye kafuata, tunasema kafa kwa kihoro. Nikiwa mwanafunzi nilidhani ni lugha ya matanga tu. Siku hizi nalichukulia kwa uzito zaidi, ingawa siamini kwamba wote waliozikwa kwa jina hilo walikuwa na takotsubo. Wengi wao, nadhani, walikuwa na mishipa iliyokwisha kuharibika kwa presha na sukari, na huzuni ikamalizia. Tofauti hiyo nitairudia, maana ndiyo inayonifanya nikuandikie jibu refu.

Kwanza jinsi inavyotokea. Habari kama ile ikiingia sikioni, mwili hautofautishi sana msiba na simba. Unajiandaa kukimbia au kupigana. Tezi mbili zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu, na mishipa ya fahamu iliyopenya ndani ya msuli wa moyo humwaga nduguye, noradrenalini, palepale kwenye msuli. Kwa kiasi cha kawaida ndizo zinazokupandisha ngazi. Mwaka 2005 madaktari wa Johns Hopkins, Marekani, walichapisha vipimo vya wagonjwa 19 walioangushwa na mshtuko wa ghafla wa hisia. Homoni hizi zilikuwa mara mbili hadi tatu ya zile za watu wenye shambulio kali la moyo, ambao nao si watu waliotulia.

Mafuriko hayo yakifika kwenye moyo, ncha ndiyo inayoumia zaidi, kwa kuwa inaaminika ina vipokezi vingi zaidi vya adrenalini. Vipokezi vilivyokuwa vikihimiza msuli ukaze vinapozidiwa hugeuka breki. Mishipa midogo kabisa, isiyoonekana kwenye picha ya mrija, nayo hujikunja na kuunyima msuli damu kwa muda. Mabingwa bado wanabishana lipi kati ya hayo lina nguvu zaidi. Matokeo yake hayabishaniwi: ncha imelala, na sehemu ya juu, karibu na mlango wa kutokea damu, inakaza kupita kiasi kufidia. Damu inayotoka haitoshi, mtu anazimia. Inayobaki nyuma inarudi mapafuni, mtu anahema kama aliyekimbia. Yote mawili umeyaandika mwenyewe kwenye barua yako. Na kwa kuwa msuli umepigwa ganzi tu, kwa wengi nguvu ya kusukuma hurudi ndani ya wiki chache.

Mama yuko katikati kabisa ya watu wanaopatwa. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa kutoka Zurich, Uswisi, walichapisha takwimu za wagonjwa 1,750 kutoka nchi mbalimbali. Karibu 90 kati ya kila 100 walikuwa wanawake, na wastani wa umri ulikuwa kama miaka 67. Inadhaniwa kwamba homoni ya estrojeni huwakinga wanawake dhidi ya makali ya adrenalini, na hedhi ikikoma kinga hiyo hupungua. Katika kundi hilohilo karibu 4 kati ya 100 walifariki wakiwa hospitalini, na takriban 10 kati ya 100 waliingia katika hali ambayo moyo hauwezi tena kupeleka damu ya kutosha mwilini. Mtu akimwambia mama kwamba ilikuwa huzuni tu, mwonyeshe mstari huu.

Sasa kaka. Mwambie, kwa heshima zote, daktari wa zamu wa usiku ule alifanya sawasawa. ECG ya takotsubo na ya shambulio la moyo zinaweza kufanana kama mapacha. Kipimo cha damu cha troponini, kinachoonyesha msuli wa moyo umeumia, hupanda kwenye yote mawili. Katika takotsubo mara nyingi hupanda kidogo ukilinganisha na ukubwa wa eneo lililolala, lakini hilo unaligundua baadaye, si dakika ya kumi. Hata eko, ile picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, inaweza kudanganya, maana kuna mshipa mrefu wa mbele ambao kwa baadhi ya watu huzunguka ncha yote, ukiziba unaleta sura ileile. Kinachotenganisha ni kuitazama mishipa yenyewe, kama alivyofanyiwa mama Dar es Salaam. Na hata hapo pana mtego: katika takwimu zile za mwaka 2015, kama 15 kati ya 100 walikuwa na takotsubo na pia mishipa iliyokuwa imebana.

Wapo watakaosema: lakini alikuwa ametoka kupokea habari ya kifo, si dalili tosha? Haitoshi, na hapa naomba usome polepole. Huzuni haileti takotsubo peke yake, huleta pia shambulio la moyo lenyewe. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulikuta kwamba katika saa 24 za kwanza baada ya kufiwa na mtu wa karibu, uwezekano wa kupata shambulio la moyo hupanda takriban mara 21. Tena, kati ya watu 100 wanaofika hospitali na dalili za namna hii, wenye takotsubo ni kama wawili tu. Mgonjwa anayebanwa kifua msibani ni mgonjwa wa shambulio la moyo mpaka mishipa yake ithibitishe vinginevyo. Kihoro ni jina la kumpa mtu mwishoni, vipimo vikishakwisha.

Hili sikulijifunza kitabuni. Miaka mingi iliyopita, nikiwa daktari mdogo katika hospitali ambayo sitaitaja, aliletwa mama wa makamo moja kwa moja kutoka mazikoni, kanga bado imefungwa kiunoni. Kwenye karatasi ya mapokezi palikuwa na maneno matatu: kuzimia kwa majonzi. Alikuwa anatetemeka na kuita jina la marehemu. Niliagiza apewe sindano ya kumtuliza, akalazwa karibu na dirisha apate upepo, nikaenda kwa wagonjwa niliowaona kuwa ndio wagonjwa. Ilipita zaidi ya saa nzima kabla muuguzi mmoja mzee hajanivuta koti. "Daktari, jasho la huyu si la kulia." Tukapima ECG. Shambulio la upande wote wa mbele wa moyo, na vipimo vya baadaye vikathibitisha mshipa ulioziba. Alipona, lakini moyo wake haukurudi kama zamani, na saa ile niliyompotezea ilikuwa saa ya msuli wake. Tangu hapo, kwangu mimi, anayetoka msibani na kifua kinabana anapimwa ECG ndani ya dakika kumi, alie au asilie, apandishe au asipandishe.

Nikiwa bado hapo, wapo wauguzi na matabibu wanaosoma majibu haya wakiwa hospitali za wilaya, basi niongee nao kidogo. Mkiona kwenye ECG kile kiinuko kinachodai mshipa uzibuliwe, na hakuna uwezekano wa kumfikisha mgonjwa kwenye maabara ya kuzibua mishipa ndani ya saa mbili, miongozo inasema mpeni dawa ya kuyeyusha bonge la damu kama hana kizuizi. Kutoka Tanga hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ni kama kilomita 350 za barabara, kwa hiyo saa mbili ni ndoto. Dawa hiyo huleta damu kuvuja kichwani kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya 100. Mwenye takotsubo anabeba hatari hiyo bila faida yoyote. Ni bei chungu, na bado ningeilipa, kwa sababu siwezi kuwaacha wenye mishipa iliyoziba wapoteze msuli kwa kumlinda mmoja nisiyemjua ni yupi. Ila kabla ya kuchoma piga simu kwa waliobobea, watumie picha ya ECG, uliza kuhusu maumivu makali ya kichwa yaliyotangulia. Damu ikivuja ndani ya fuvu nayo yaweza kuleta takotsubo, na dawa ya kuyeyusha ingemwua mtu huyo mkononi mwako.

Mtego wa pili ni presha ikishuka. Mkono wa daktari wa dharura huenda wenyewe kwenye adrenalini au dobutamini. Kwa takotsubo ni kumwagia mafuta ya taa moto ulioanzishwa na mafuta ya taa. Kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano ile shingo inayokaza hubana hata mlango wa kutokea damu, na kwake huyo dawa ya kuukaza moyo inauziba zaidi. Dawa ya kukojoza na ile ya kuweka chini ya ulimi zinapunguza damu inayoingia, nazo zinamzidishia. Mgonjwa kama huyo, mapafu yake yakiwa makavu, husaidiwa na maji ya mshipani kwa kipimo na dawa ya kupunguza kasi ya moyo, kinyume na mazoea. Ndiyo maana nasema kama pana mashine ya eko, hata ile ndogo inayoshikwa mkononi, itangulie kabla ya bomba la sindano. Asiye na mlango uliobana lakini moyo umechoka kabisa anahitaji chumba cha wagonjwa mahututi, na mara nyingine mashine ya kuusaidia moyo kusukuma.

Jambo moja zaidi kwenu, maana nimeliona likipuuzwa. Takotsubo hurefusha kipande kimoja cha ECG kiitwacho QT, na kikirefuka sana moyo unaweza kuingia mapigo ya fujo na kusimama. Haloperidoli, ambayo hospitali nyingi humchoma mtu "aliyechanganyikiwa kwa msiba", hukirefusha zaidi. Kwinini vilevile, na antibiotiki kama erithromisini na azithromisini. Mpimeni potasiamu, na mwekeni kwenye monita angalau siku mbili tatu za kwanza.

Turudi nyumbani kwenu, binti yangu. Dawa alizoacha mama. Sina orodha yake mbele yangu, kwa hiyo nitasema kwa makundi, wewe ulinganishe na cheti. Kama amepewa dawa za jamii ya enalaprili au lisinoprili, na za jamii ya karvediloli au bisoprololi, hizo ni za kuupumzisha msuli wakati unarudi kwenye umbo lake. Karvediloli na nduguze hazitakiwi kukatishwa ghafla. Arudi kwenye dawa baada ya kuongea na daktari wake kwa simu, leo au kesho, si mpaka siku ya kliniki, maana aliyekaa siku kadhaa bila dawa huenda akaanza na dozi ndogo. Kama amepewa dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini, usisubiri kesho. Ncha inapolala, damu hutuama humo na inaweza kuganda, na bonge likichomoka linakwenda kwenye ubongo. Aspirini na klopidogreli ndizo ambazo kaka ana sehemu ya hoja: kwa mtu ambaye mishipa yake ni safi kweli, huenda zikaachwa mapema. Lakini hilo linaamuliwa na aliyeiona picha.

Hakuna dawa iliyothibitishwa kuzuia takotsubo isirudi. Dawa za kupunguza kasi ya moyo zingetarajiwa zifanye hivyo, na takwimu hazijaonyesha waziwazi kwamba zinafanya. Habari njema ni kwamba kurudi si jambo la kawaida: kwa wastani wagonjwa wawili hivi kati ya 100 kwa mwaka. Kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba mama hataupata tena. Atachoka, hilo mtarajie. Wengi hulalamika miezi kadhaa kwamba pumzi si ile ya zamani ingawa eko inasema moyo umerudi. Si uvivu wala kudeka.

Kuhusu kumficha habari. Najua mnavyofanya, na mimi kwetu wanafanya. Simu inapokelewa nje, watu wanaacha kuongea akiingia, mgonjwa anaambiwa bibi "anaendelea vizuri" mpaka siku anayokuta maturubai uani. Sidhani kama mnamlinda. Katika wale 1,750, walioanguka kwa sababu ya hisia walikuwa chini ya theluthi moja. Waliokuwa wengi zaidi walianza na jambo la mwili, kama pumu iliyobana, upasuaji, maambukizi, na kwa zaidi ya robo hakikuonekana chanzo chochote. Wapo hata walioangukia kwenye furaha: sherehe ya kuzaliwa, harusi ya mtoto. Hutaweza kumfungia mama dunia nje ya mlango. Na aliyefichwa mara moja huanza kusoma nyuso zenu kila simu inapolia, na hiyo ni adrenalini ya kila siku.

Mimi ningebadili namna ya kumwambia. Simu ile aliipokea akiwa jikoni, na sijui nani aliyempigia lakini nadhani hakuuliza mama yuko wapi na nani. Kwa habari ya bibi mwanzeni sasa, hatua kwa hatua: kwamba hali si nzuri, kwamba daktari amesema hivi, apelekwe akamwone bibi angali anamtambua. Siku ikifika, aambiwe ana kwa ana, amekaa, ameshika mkono wa mtu. Kisha asiachwe peke yake saa zile za mwanzo. Siwezi kukuahidi kwamba hiyo itazuia chochote moyoni. Itahakikisha kifua kikibana pana mtu wa kuona.

Uangalie pia usingizi wake na hamu ya kula. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wale walikuwa na historia ya maradhi ya akili au ya mfumo wa fahamu, kama sonona, wasiwasi au kifafa, tofauti na robo tu ya wenye shambulio la moyo la kawaida. Kama mama alikuwa hajalala vizuri hata kabla ya msiba, mwambie daktari wake. Sonona ina tiba, na si aibu.

Shangazi asiachwe bila jibu, kwa sababu ndiye atakayekaa na mama mchana. Sitabishana naye kuhusu majini. Mwambie tu hospitali iliona kitu, tena kilipigwa picha: ncha ya moyo iliyotuna. Kisomo kisomwe, na mimi ningeitikia amina. Ila kifua kikibana tena, kisomo kisomewe ndani ya gari.

Maana yake ni hii. Kifua kikibana au kuuma zaidi ya dakika kumi, pumzi ikikata, akizimia, mapigo yakienda mbio bila sababu, mdomo ukipinda au mkono mmoja ukikosa nguvu: hapo ni hospitali yenye ECG, moja kwa moja, bila kupitia duka la dawa. Akae, asitembezwe. Kwa kifua kinachobana, kama hana mzio wa aspirini wala vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, atafune aspirini ya miligramu 300. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea msimpe, maana inaweza kuwa damu inavuja kichwani. Na hayo maji ya sukari muyaache, mtu anayezimia hupaliwa. Msiseme "ni ule ule wa msiba". Aliyewahi kuwa na takotsubo anaweza kupata shambulio la moyo kama mtu mwingine yeyote, hasa kwa umri wake. Miguu ikianza kuvimba, au akishindwa kulala chali bila mito mingi, hiyo si ya kukimbizwa usiku lakini isipite siku mbili.

Sasa arobaini. Kurudi kliniki wiki ya sita si kwa ajili ya kugongewa muhuri. Siku hiyo atapigwa eko nyingine, na umbo likiwa limerudi ndipo ugonjwa unathibitika kuwa ulikuwa takotsubo kweli. Lisiporudi, daktari ataanza kutafuta kitu kingine, kwa mfano uvimbe wa msuli wa moyo unaoletwa na virusi. Piga simu kliniki, omba siku mbili tatu kabla ya arobaini, wengi wao hukubali wakielezwa. Ikishindikana, basi wanaume wasome hitma Tanga na mama aende Dar es Salaam. Mjomba ataombewa popote.

Akipata nafasi ya kliniki mapema na daktari akaridhika, aende arobaini. Simwoni akipona kwa kuzuiwa kumlilia kaka yake. Asipike, asibebe sufuria, asikae juani, na dawa za asubuhi anywe kabla ya wageni kufika. Na ile ECG ya usiku wa kwanza, iulizie hospitali mliyoanzia. Piga picha kwa simu yako na ya kaka, kisha karatasi yenyewe ikae kwenye pochi ya mama.